Mbonyeo Nilioutunza Miaka Minne

Juru, Jumatatu alasiri

Sifa mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako yuko nyuma ya nyumba anakuchagulia maharage ya kwenda nayo, kana kwamba Mbarara hakuna maharage. Nina kama saa mbili kabla hujarudi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi utashika usukani wa gari letu uende kuanza kazi ya taksi mjini, nami nitasimama mlangoni nikipunga mkono kama mtu aliyetulia. Sijatulia, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Mama yako amekwisha kukuambia mara tatu. Nataka kukueleza habari za mlango wa nyuma wa kushoto. Nusu ya habari hiyo unaijua. Nusu nyingine niliificha, hata wiki iliyopita tulipokuwa tumepiga magoti pamoja mbele ya mlango huo tukisugua msasa, wewe upande wako na mimi wangu.

Unakumbuka siku ya shukrani ya mavuno, miaka minne iliyopita. Niliegesha gari chini ya ukuta wa kanisa, nikaingia ndani kuimba. Shemasi Yakobo alichelewa. Alikuja kutoka dukani kwake na pikapu yake nyeupe imejaa magunia ya maharage ya sadaka, akarudi nyuma ili ayashushe karibu na mlango. Ibada ilipokwisha nikatoka, nikakuta mlango wetu umeingia ndani kama bakuli.

Mimi nilifundisha fizikia miaka kumi na tisa kule Uvira kabla hatujakimbia vita kuja kambi hii ya wakimbizi, na sihitaji shahidi ili nisome bati. Gari likigonga mti, mti huacha mfereji uliosimama. Bampa la gari jingine huacha mfereji uliolala. Mfereji wetu ulikuwa umelala, sawasawa na kimo cha bampa la pikapu ile, na kwenye bampa lenyewe kulikuwa na rangi ya kijani, kijani chetu. Nilimwonyesha Shemasi. Alitazama, akasema ni majani ya maharage. Siku iliyofuata, Jumatatu, bampa lake lilikuwa limepakwa rangi nyeusi mpya.

Jioni hiyo wazee wa kanisa walituita. Ulikuwapo, umekaa na kina mama. Nilieleza kwa utulivu: kimo, mfereji, rangi. Nilichora hata picha kwenye karatasi. Shemasi alipopewa nafasi hakujibu hata hoja moja. Alisimama, akashika tumbo lake, akasema:

"Ndugu zangu, Mwalimu ni mutu wa vitabu mingi. Pengine aligonga muti akiwa anafikiri. Sasa anatafuta mutu wa kumutengenezea gari."

Watu walicheka. Pasta naye aliinua Biblia akaziba mdomo, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kisha akasema gari ni chuma tu, tushikane mikono, amani ya kanisa ni kubwa kuliko mlango. Nilimpa Shemasi mkono. Mkono wake ulikuwa bado unanuka rangi.

Nikuambie wazi, kwa sababu wewe ni mtu mzima sasa: mbonyeo haukuniumiza. Mbonyeo ni kazi ya siku mbili. Kicheko kile ndicho kilichoniumiza. Nilikuwa nimepoteza shule, nyumba, na wanafunzi ambao walikuwa wakisimama ninapoingia darasani. Kilichobaki kwangu ni kwamba nikisema jambo, watu wanajua nimelipima kwanza. Shemasi alinivua hicho mbele ya kanisa zima, kwa sentensi tatu, na kwa mzaha.

Basi niliamua sitautengeneza ule mlango.

Wewe na mama yako mliuliza, nikawajibu kwamba puti, ule udongo wa kusawazisha bati, ni ghali na fundi wa Mbarara anataka fedha ambazo hatuna. Huo ulikuwa uongo. Umeona mwenyewe wiki iliyopita vitu tulivyotumia: kipande cha mti wa mpera nilichochonga kiwe nyundo, kijiko kikubwa cha chuma, msasa, kopo dogo la puti, makopo mawili ya rangi ya kupuliza, na chandarua. Ningeweza kuvipata mwezi uleule. Sikutaka. Nilitaka Shemasi akitoka kanisani kila Jumapili aukute mbonyeo umemkodolea macho.

Ndiyo maana niliegesha daima mahali palepale, upande wa kushoto ukitazama mlango wa kanisa. Mlidhani napenda kivuli.

Sasa sikiliza jinsi nilivyokuwa mwangalifu katika ubaya wangu. Bati lililopoteza rangi hushika kutu, na kutu ikila sana, mbonyeo hupoteza umbo lake; mtu akiutazama anaona gari bovu tu, haoni bampa la Yakobo. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni niliukwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, nikaupaka oili chafu ya injini ili kutu isiingie. Jumapili asubuhi niliifuta kwa kitambaa. Mlipokuwa mnavaa nguo za kanisani, mimi nilikuwa nje nang'arisha mashtaka yangu. Ulinikuta siku moja, ukasema, "Papa, unapendaka hii gari sana," nikakubali kwa kichwa.

Na ilifanya kazi. Siwezi kukudanganya kwamba kisasi hakina ladha. Mwezi wa kwanza Shemasi alipita akitazama juu, kana kwamba anahesabu mabati ya paa. Mwezi wa pili akaanza kutokea mlango wa upande, ule wa karibu na choo, na viatu vyake vizuri vikachafuka matope ya pale. Nilikuwa nakaa kwenye benchi la mwisho ili nimwone akikunja kona. Mahubiri siyakumbuki hata moja ya mwaka ule. Viatu vyake navikumbuka.

Mama yako alinielewa mapema. Siku moja alinikuta na kitambaa cha oili, akasimama mikono kiunoni.

"Papa Sifa, hii kidonda iko ya nani?"

"Ya Yakobo."

"Hapana. Yakobo anaionaka mara moja kwa juma. Siye tunalala nayo."

Alikuwa amesema kweli, na mimi nilimjibu kwamba yeye hajui mambo ya haki. Tazama upumbavu wa mtu aliyesoma. Tulikula kwa kubeba abiria; shule ya sekondari iliyokuwa ikinikodi kuwapeleka walimu mji wa Kaberebere iliacha kunikodi. Mkuu wao alisema kwa adabu kwamba wazazi wanaona gari lililogongwa. Askari wa barabarani alinisimamisha kila safari kwa sababu gari lenye jeraha humvuta askari kama nzi: "Mzee, hii iligonga nani? Simama kando. Leta permiti ya kuendesha." Abiria waliokuwa na haraka walishuka wakapanda pikipiki. Na wewe, nilikuja kujua baadaye sana kutoka kwa mama yako, ulipigana na msichana mmoja kisimani kwa sababu vijana walikuwa wananiita Mwalimu Kidonda. Ulirudi na kanga imechanika, ukasema ulianguka. Nilikuamini. Mtu anayetazama mlango mmoja haoni kingine.

Lakini hayo si kosa langu kubwa. Kosa langu kubwa hujalisikia.

Mwaka wa pili, asubuhi moja ya mvua, Shemasi Yakobo alikuja hapa nyumbani. Wewe ulikuwa shamba. Pikapu yake ilikuwa imekufa gia, na mke wake alikuwa na homa kali tangu usiku, hawezi kukaa. Alisimama pale kwenye mlango wa uzio, maji yanamtiririka kofiani, akasema, "Mwalimu, nisaidie." Ni hayo tu.

Nilikubali. Usinisifu. Nilikubali haraka kwa sababu nilikuwa nimeona jambo. Tulimlaza mama yule kiti cha nyuma, kichwa upande wa kulia, ili mumewe akae miguuni pake. Maana yake aingie kwa mlango wa kushoto. Na mlango ule, unajua, ulikuwa haufunguki kwa kuvuta kishikio peke yake. Ilikuwa lazima uweke kiganja ndani ya mbonyeo, usukume, ndipo uvute. Nilimwacha avute mara tatu. Kisha nikamwambia, taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi, "Weka mkono humo ndani, Shemasi. Katikati. Hapo ndipo panapokubali."

Aliweka mkono. Nilimtazama akiuweka. Mvua ilikuwa inapiga, mke wake anatetemeka ndani, na mimi nilikuwa nimesimama nikifurahi.

Kule kliniki walimpokea, wakamtundikia maji. Tulipokuwa tunasubiri kwenye benchi, Shemasi alikaa karibu nami. Halafu akasema kwa sauti ndogo:

"Mwalimu. Ile siku ya mavuno..."

Sifa, nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo karibu miaka miwili. Ilikuwa imefika mdomoni mwake. Ningenyamaza tu, ingetoka. Lakini benchi lile lilikuwa na mimi na yeye na mlinzi mmoja aliyesinzia, na mimi sikutaka kuambiwa kwenye benchi. Nilitaka kanisa. Nilitaka Pasta na Biblia yake na wale wote waliocheka. Nikamkatiza:

"Utasema Jumapili. Mbele ya batu."

Nilisema hivyohivyo, kwa Kiswahili cha nyumbani, ili kimwingie. Aliinua uso. Niliona jinsi ulivyojifunga, polepole, kama mtu anayefunga duka. Akasema, "Miye nilitaka tu kusema aksanti." Tangu siku ile hakurudia tena, na Jumapili iliyofuata alitoka kwa mlango wa mbele, akapita kando ya gari bila kugeuza shingo.

Nilikuwa na ukweli wangu mbele yangu, bure, nikaukataa kwa sababu haukuja na umati. Katika makosa yangu yote tangu tuvuke mpaka, hilo ndilo linaloniamsha. Sikuachi na fundisho juu yake. Nakuambia tu kwamba lilitokea, na kwamba mtu aliyelitenda alikuwa na akili timamu na shahada ya ualimu.

Sasa tufike kwenye mwezi huu. Macho yangu hayatoshi tena kuendesha, na wewe unaendesha vizuri kuliko mimi nilivyoendesha nikiwa na macho. Tulikwenda Mbarara kutafuta nafasi, na mwenyekiti wa steji, kile kituo cha taksi, yule mzee wa kofia ya sufu, alisikiliza injini, akakanyaga breki mwenyewe, akakuuliza maswali, akaridhika. Akakutajia na namba yako ya steji, ya kuandika mlangoni. Kisha akazunguka upande wa kushoto.

"Ssebo, bwana," akaniambia, si wewe, mimi, "injini ni nzuri, musichana ni muzuri, anajua kazi. Lakini hii mulango, hapana. Mteja naona hii nasema dereva nakunywa pombe. Tengeneza. Jumanne ya wiki ingine lete, mimi naweka yeye kwa laini. Jumanne hapana kuja, kuna watu mingi nataka hii nafasi."

Tulirudi mpaka Kaberebere, wewe ukiendesha. Pale ulipunguza mwendo kupisha ng'ombe, na bila kunitazama ukasema:

"Papa, unachagua nani? Miye ao Shemasi?"

Kumbe ulikuwa umekwisha kunishuku, ingawa habari ya oili hukuijua. Nilijibu kwamba nitatafuta puti kesho yake, kana kwamba hukuuliza kitu. Lakini swali hilo nilikaa nalo siku tatu, na aibu yangu ni hizo siku tatu. Mtu aliyeulizwa swali kama lile na mtoto wake hapaswi kuhitaji hata dakika tatu.

Kazi yenyewe uliifanya nami, kwa hiyo nitaeleza kifupi, kwa faida ya siku utakapokuwa peke yako mjini, kwa sababu pale kwenye maegesho magari mengine yatagusa lako tu kabla wiki haijaisha.

Kwanza usipige. Tembeza kiganja juu ya bati ukiwa umekivika soksi nyembamba. Kiganja kitakuonyesha mawimbi ambayo jicho halioni. Kama ni bampa, la plastiki, mimina maji ya moto, sukuma kwa ndani, mara nyingi linarudi lenyewe. Kama ni bati, vua ubao wa ndani wa mlango ufike nyuma yake. Halafu kumbuka mpangilio: kilichoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Katikati ndiko kulikoingia mwanzo, kwa hiyo usianze katikati hata kama ndiko kunakoudhi zaidi. Anza kwenye kingo, ulegeze ule ukingo uliokunjamana, pole, pole, gogo dogo lililofungwa kitambaa upande mmoja na nyundo ya mti upande wa pili. Ukipiga kwa hasira bati hutanuka, na bati lililotanuka halina pa kwenda. Litakuwa linaruka ndani nje, likilia kama debe. Ulinikuta napiga katikati Jumatano ile, ukaninyang'anya nyundo. Ulifanya vyema.

Puti usiiweke nene. Ile dawa nyekundu ya kukausha itie kidogo kama punje ya harage kwa puti ya ukubwa wa limau; ukizidisha inakauka mkononi mwako na kujaa vitundu. Msasa uviringishe kwenye kipande cha ubao, usisugue kwa vidole, kwa sababu vidole huchimba mifereji. Rangi usiikisie kwa jina lake kwenye kopo. Chomoa kile kifuniko cha nje cha tangi la mafuta, kipeleke dukani Mbarara, wakuchanganyie kwa kukitazama, kwa maana kijani cha gari letu si kile kilichotoka kiwandani. Jua la hapa limekinywa. Pulizia asubuhi kabla ya upepo, kabla ng'ombe hawajapita. Mwagia ardhi maji, tundika chandarua ili vumbi na wadudu wasishike. Tabaka nyembamba, nyingi. Tabaka moja nene hulia machozi.

Yote hayo tulifanya. Na bado puti ya kwanza, unakumbuka, ilibanduka nzima, kama ganda la kidonda, tulipofunga mlango Alhamisi. Ulidhani tumenunua mbovu. Ulitaka kuirudisha dukani. Ikabidi nikuambie: miaka minne ya oili imezama katika kila mkwaruzo, na puti haishiki penye mafuta. Sitasahau uso wako.

"Papa, uliipakaka mafuta?"

"Kila Jumamosi."

"Nilisema ni umasikini! Nilipigania wewe kisimani, nikasema Papa hana namna! Kumbe unaitunza kama mutoto?"

Ukaenda ndani. Mama yako alitoka, akanitazama, akaweka mbele yangu beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, akarudi ndani. Niliosha bati lile peke yangu mpaka mchana. Sabuni, halafu petroli, halafu msasa mkali, halafu tena sabuni. Chuma kilikuwa kinatoa weusi, naufuta kwa kitambaa, kinatoa tena. Ulirudi saa nane, ukapapasa kwa kidole, ukasema, "Bado." Kisha ukapiga magoti ukanisaidia. Siku ile ndipo nilipokuchagua wewe, Sifa, nikiwa nimechelewa, na mikono imebabuka.

Jumamosi mlango ulikuwa sawa. Ulikata tarakimu kwenye katoni, ukaibandika mlangoni pale, ukapuliza namba yako ya steji kwa rangi nyeupe, ukarudi hatua kumi kuitazama.

Na jana tukaenda kanisani.

Nataka uelewe kilichonipata jana, kwa maana uliniuliza kwa nini sikula. Kwa miaka minne niliutunza ule mlango kwa sababu ulikuwa ushahidi wangu wa pekee. Nilijua tukiutengeneza ushahidi umekwisha. Nilidhani nimejiandaa. Lakini sikufikiri kwamba Shemasi naye anajua kupiga hesabu hiyo. Tulipotoka, alikuwa tayari amesimama pale, koti la kijivu, amezungukwa na watu, anapapasa mlango wetu kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Bwana asifiwe! Mukuje muone, ndugu! Miaka mine Mwalimu anasema nilimuvunjia mulango. Mulango gani? Iko fasi gani, iko wapi? Miye sioni kitu."

"Shemasi, tumeitengeneza miye na Papa," ukasema.

"Mulitengeneza nini, mutoto? Kitu yenye haikuharibika?"

Wakacheka. Walewale. Pasta hata hakuziba mdomo. Wewe ukafungua mlango wangu, ukaniambia kwa upole, "Papa, tuende," na nikaingia kwenye gari langu kama mzigo.

Tulipofika nyumbani mlikwenda jikoni. Mimi nilibaki nje. Kuna mawe yale ya kuzungushia bustani ya mama yako. Nilichukua moja, la ukubwa wa boga, nikasimama mbele ya mlango wa kushoto, nikaliinua. Sikuwa nafikiri juu yako. Nilikuwa nafikiri kwamba nakijua kimo, naujua mfereji, naujua kila ukingo wa mbonyeo ule, na kwamba naweza kuurudisha palepale, sentimita kwa sentimita, na Jumapili ijayo aupapase tena tuone atasema nini. Naandika hili na mkono unakubali. Hata sasa unakubali.

Kilichonizuia si Mungu wala si uzee. Kilichonizuia ni ile namba. Ilikuwa mbele ya macho yangu, nyeupe, na chini yake tone moja la rangi lililoteleza pale katoni ilipocheza. Niliisoma. Nikaelewa kwamba kama ningepiga, nisingempiga Yakobo. Ningepiga mlango wa dereva mwingine, mtu ambaye hakunikosea lolote na aliyenisubiri siku tatu. Niliteremsha jiwe. Nililirudisha bustanini, upande uleule lililokuwa limetazama, mama yako asije akauliza.

Usifikiri barua hii inaelekea kwenye msamaha. Sijamsamehe. Nikisikia kesho kwamba pikapu yake imetumbukia ziwani nitauliza kwanza kama ndani hakukuwa na mtu, halafu nitachekelea. Wewe ukiwa mjini, mtu akikukosea, utajua mwenyewe la kufanya; una akili ya mama yako. Ninachoweza kukupa ni gari ambalo halidaiwi kubeba kisasi cha mtu. Imenichukua miaka minne kulitoa humo. Kisasi nimebaki nacho mimi hapa Juru, kwenye benchi la mwisho, na ni kizito zaidi kuliko nilivyotazamia, kwa sababu sasa hakina mahali pa kuegeshwa.

Nasikia sauti yako barabarani, unacheka na mtu. Nimalize.

Kaza nati za magurudumu baada ya siku tatu. Mwite mwenyekiti wa steji "mzee", hata akikosea. Nakupenda kuliko nilivyokuonyesha katika miaka hii, na hilo nalo nimelipima kabla ya kulisema.

Utaona hapo juu ya sahihi yangu mstari mmoja nilioukata. Nilikuwa nimeandika kwamba kesho ukifika mbele ya duka la Shemasi Yakobo, atakuwa anafagia saa hizo, upunguze mwendo, umgeuzie upande wa kushoto, upige honi moja ndefu kwa niaba yangu. Halikuwa jambo la baba kumwomba binti yake, kwa hiyo nimelikata. Lakini nimelikata kwa mstari mmoja tu wa kalamu, mwembamba, na bado linasomeka.

Baba yako